Tundu Kifuani mwa Meja

Saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatano, Meja aliingia katika studio yetu ya Mengo, Kampala, akiwa na tundu kifuani. Tundu lilikuwa kwenye picha. Yeye mwenyewe alikuwa mzima na amekwisha kunywa chai, lakini tofauti hiyo hakuwa tayari kuijadili. Alipanga picha kumi na mbili juu ya meza ya kioo, moja moja, kama mtu anayegawa karata. Katika kila picha alikuwa amesimama wima, medali zote mahali pake, na katika kila picha palikuwa na doa jeupe la duara, kubwa kama punje ya mtama, pale pale ambapo daktari huweka kipimo chake akitaka kusikia moyo.

Nimestaafu mwezi uliopita, na vijana wa studio wameniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nadhani walitarajia vyeti na mishahara. Vyeti sina, kazi hii niliisoma katika vijitabu vilivyoandikwa kwa lugha nisizozijua, nikifuata michoro. Mishahara ya wakati ule ilikuwa siri hata kwa waliolipwa. Kwa hiyo nitaandika juu ya kamera moja na mtu mmoja. Ninyi mnaopiga picha mia kabla ya kifungua kinywa mtanivumilia. Sisi tulipata thelathini na sita kwa filamu moja, na hiyo ni siku filamu ilipopatikana.

Kamera hiyo tuliiita Mrusi. Niliinunua kwa Mrusi mwingine, wa nyama na mifupa, aliyekuwa ameletwa kuwafundisha askari wetu mambo ya vifaru. Alikuwa anarudi kwao na alitaka pesa za vitenge vya mke wake kuliko alivyotaka kamera. Ilikuwa nakala ya kamera maarufu ya Kijerumani, kama kinyozi wa Kawempe anavyokuwa nakala ya daktari wa upasuaji: vifaa vinafanana, na shuka ni nyeupe. Ile ya Kijerumani ilikuwa na bei ya kiwanja. Yangu ilikuwa na bei ambayo fundi baiskeli angeweza kuifikia akijinyima nyama kwa muda.

Ndani haikuwa na kioo kama kamera kubwa mlizozikuta ninyi. Uliangalia kupitia dirisha dogo pembeni. Katikati ya dirisha palikuwa na doa la manjano, na ndani ya doa hilo kila mtu alionekana mara mbili. Ulizungusha lenzi polepole mpaka wale wawili wakawa mmoja, na hapo picha ilikuwa kali. Sisi tulisema kuwafungisha ndoa. Nimefungisha ndoa nyingi kwa namna hiyo, na zote zimedumu kuliko zile nilizolipwa kuzipiga picha. Nimestaafu kwa sababu macho yangu sasa yanaona wawili hata mahali penye mmoja, na hayataki tena kuwaunganisha.

Nilikuwa na lenzi mbili. Ile ya milimita hamsini, iliyokuja na kamera, ilikuwa kali katikati na yenye usingizi pembeni, jambo lililowafaa sana mabibi harusi, kwa kuwa pembeni ndipo husimama mashangazi. Ya pili, thelathini na tano, niliipata baadaye kwa mchuuzi wa Kongo aliyekuwa akiuza pia sabuni na radio. Ilikuwa ndogo kama kizibo na iliona chumba kizima bila kulalamika. Sijawahi kumiliki lenzi nzuri kuliko hiyo, na nimewahi kushika za bei ya kutisha.

Mrusi alikuwa na sifa mbili zilizomfaa katika mji wetu wa miaka ile. Ya kwanza, alikuwa kimya. Akipiga, ulisikia kama mtu aliyevunja ganda la karanga mfukoni. Ya pili, hakukuambia kosa lako. Kwa kuwa jicho liko dirishani na si kwenye lenzi, ungeweza kupiga harusi nzima kifuniko kikiwa bado juu ya lenzi, ukaona kila kitu kinapendeza, ukarudi nyumbani na weusi mtupu. Kamera inayokuonyesha kwamba mambo yote ni mazuri huku haioni kitu ilikuwa imezoea serikali ya askari kabla hata haijafika kwetu.

Aliyenifundisha kuishi nayo ni Papa Byamungu, mkimbizi kutoka Bukavu, mwenye studio. Alikuwa amevuka mpaka na mke wake Mama Sifa na lenzi ya mashine ya kukuzia picha iliyofungwa ndani ya soksi. Soksi ya pili haikufika. Siku yangu ya kwanza alinipa kamera bila filamu na kuniambia nipige picha mpaka jioni. Nilipomuuliza nitajuaje kama nimepiga vizuri, alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia na mwenye kujua njia.

"Weye upige tu, mutoto. Filamu ni feza. Makosa ya bure njo mazuri."

Alikuwa na sheria chache na hakuzirudia. Usiguse kidude cha kasi kabla ya kukoki, maana meno ya ndani yatavunjika na Mrusi atakuwa pambo la kabati. Kukoki ndiyo kuvuta filamu na kutega pazia. Neno tulilitoa kwenye bunduki, na tulilisema kwa sauti ya chini. Sheria nyingine ilikuwa usikoki mapema. "Ngojea mutu akae, apumue, anyamaze. Halafu ukoki, upige. Kila kitu kwa saa yake." Na ya mwisho: kamera isikae juani jicho wazi. Nyuma ya lenzi mna pazia la kitambaa cheusi kilichopakwa mpira, na lenzi inayoweza kuchora uso wa mtu juu ya filamu inaweza pia kulichora jua juu ya pazia. Kila mtoto aliyewahi kuchoma majani makavu kwa kipande cha miwani anajua mwisho wake.

Basi, siku mbili kabla ya Jumatano ile, studio yetu iliitwa kupiga picha kwenye gwaride. Kuitwa ni neno la adabu. Papa alikuwa na homa, nikaenda mimi na Mrusi. Getini tulipokelewa na koplo wa Meja, kijana mrefu aliyeamini kwamba usalama wa taifa unategemea kelele. Aliwaambia wapiga picha wote waweke kamera zao juu ya boneti ya Landrova zikaguliwe. Kamera zikalala chali, lenzi zikitazama mbinguni.

"Fungua macho yake," akasema.

"Afande, tukiacha wazi juani..."

"Mimi nasema fungua! Kama nafunga macho, iko naficha nini?"

Tukatoa vifuniko. Akainama juu ya Mrusi wangu.

"Hii nakoki?"

"Bado, afande. Hatujaanza kazi."

"Koki. Askari gani nakoki baada ya adui kufika?"

Nikakoki. Unapopewa ushauri wa kitaalamu na mtu mwenye bunduki, huulizi amesomea wapi. Ilikuwa saa sita mchana, na wale mliokaa Kampala mnajua kwamba sisi ni majirani wa ikweta na jua la saa sita husimama utosini kama mzigo. Kamera zikalala pale, zikiwa wazi na zimetegwa, mpaka hotuba zikaisha. Kisha Meja akataka picha zake kumi na mbili. Kati ya picha na picha alifutwa jasho, akanyooshewa medali, akabadilisha mguu wa mbele, nami nikiwa nimesimama juani na kamera imekokiwa, kwa amri. Mwisho Koplo akaichukua filamu kwa ajili ya usalama, ikasafishwa huko huko kwao. Kwa hiyo Jumatano asubuhi sisi tuliliona tundu la Meja kwa mara ya kwanza pamoja naye.

"Nani napiga mimi risasi?" akauliza Meja. Hakupaza sauti. Koplo alikuwa amesimama mlangoni akituzuia sisi tusitoke na wateja wasiingie.

Papa Byamungu alivaa miwani, akazitazama picha zote kumi na mbili bila haraka. Kisha akaichukua kamera yangu, akafungua mgongo wake, akaikoki, akaielekeza dirishani. Katikati ya pazia jeusi paliwaka nyota ndogo.

"Chungulia, mukubwa. Ni jua tu. Jua ilichoma rido, hii pazia ya ndani. Ile siku ya gwaride, kamera walizilaza juu ya..."

Nilimwona akimtazama Koplo, na Koplo akitazama dari. Palikuwa na ukweli wa aina mbili katika chumba kile: ule wa kwamba jua lilitoboa pazia, na ule wa nani aliyeamuru jua lipewe nafasi. Wa kwanza ulikuwa wa bure. Wa pili ulikuwa umesimama mlangoni, na ulikuwa na mke na watoto wanaoungojea nyumbani.

"Jua," Meja akasema. "Jua nachagua roho yangu, mara kumi na mbili."

"Haichagui, mukubwa. Yeyote akisimama katikati itamutoboa. Tujaribu kwa huyu koplo."

Ulikuwa ushauri wa fundi, si wa mwanasiasa. Koplo alisimamishwa uani, nikampiga picha kwa namna ile ile ya gwaride, kamera imekokiwa na imeachwa wazi kwa muda. Tukasafisha filamu, Meja akanywa chai nyingine, tukatoa picha ikiwa bado inachuruzika maji. Kwa kuwa nilisimama karibu naye kuliko nilivyosimama na Meja, na nikampiga kuanzia kiunoni, doa lilimwangukia Koplo kooni. Aliitazama, akajishika shingo, akatoka nje, tukamsikia akitapika kwenye mtaro. Tangu siku hiyo nilimwona akivaa skafu, katika joto lile.

Mimi nilidhani kesi imekwisha. Ndiyo tabu ya kujifunza mambo kwa vijitabu vya michoro: unadhani mchoro wa mwisho ni mwisho.

"Koplo ni mtu yangu," akasema Meja. "Mtu nataka kuua mimi, nafika kwake kwanza. Hii tundu yake iko kazi ya adui ile ile, hapana jua." Akafikiri. Ilikuwa wazi kwamba hakuwa amelala vizuri. "Kanali nafanya karamu Naguru, Jumapili. Mtoto yake nabatizwa. Wewe utakwenda piga Kanali na hii kamera. Kama Kanali iko na tundu, basi ni jua. Kama Kanali hapana tundu, tundu ni langu peke yangu, na mimi najua nani alitoboa." Akamnyooshea kidole Papa. "Huyu Mukongo atakaa na mimi."

Papa alivua koti la kazi, akalitundika msumarini. Akaiweka kamera mikononi mwangu.

"Usitie dawa kwa ile tundu," akasema. Alimaanisha gundi ya baiskeli iliyochanganywa na masizi, ambayo ndiyo tiba ya ugonjwa huo. Kisha, mlangoni: "Na ukoki kwa saa yake, mutoto."

Wakampakia kwenye gari. Mama Sifa alifika mchana na chakula chake, kama kila siku, akakaa kwenye benchi la wateja na sufuria mapajani. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hiyo Kanali akiona tundu kwa picha yake, si ni weye atakuua?"

"Ndiyo, Mama."

"Na asipokuwa na tundu, wanaua Papa."

"Ndiyo."

"Serikali hii inajua hesabu," akasema, akafungua sufuria, akanipa chakula cha mume wake. "Kula. Ukifa na njaa utakuwa umewasaidia."

Alhamisi alikwenda kumwona bwana mmoja mjini. Wakati ule palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuwatafuta waliochukuliwa. Walikuwa nadhifu, walivaa tai, na walijuana na milango. Alitaka shilingi elfu tatu ili aanze kuuliza. Jibu lingekuwa na bei yake, na mtu mwenyewe, kama bado yupo, angekuwa na bei ya tatu. Mama Sifa akamshukuru, akarudi kwenye benchi. Tangu hapo alikuja kila asubuhi, akafagia studio iliyokuwa safi.

Mimi nilikaa na Mrusi, na ilinichukua mpaka Ijumaa jioni kuelewa maneno ya mlangoni, ingawa nilikuwa nimeyasikia tangu siku yangu ya kwanza kazini. Tundu lilikuwa kwenye pazia la kwanza tu. Pazia hilo hukaa mbele ya filamu baada ya kukoki. Kabla ya kukoki, mbele ya filamu hukaa pazia la pili, na la pili lilikuwa zima. Ukikoki mapema ukangoja juani, nuru hupenya na kutoboa picha. Ukikoki na kupiga hapo hapo, nuru haipati muda, na picha hutoka safi kama ya kamera ya Mjerumani, au karibu. Kamera ile ile, mtu yule yule, kiti kile kile: tundu, au hakuna tundu. Nilihitaji picha mbili tu. Moja safi ya kumpa Kanali, moja yenye tundu ya kumpa Meja.

Jumapili Koplo alinipeleka Naguru katika gari la Meja, skafu shingoni. Nilitambulishwa kama zawadi.

"Zawadi kutoka kwa Meja?" Kanali alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kaptura nyeupe, askari wa zamani aliyejua Kiswahili cha kambi za Kenya. "Meja hajawahi kunipa hata salamu."

"Amekupa mpiga picha, afande," nikasema.

"Basi anataka kitu." Akacheka, akaniletea soda kwa mkono wake mwenyewe. Nilitamani asingefanya hivyo. Kazi kama ile ni rahisi zaidi mtu akikutukana.

Kisha akaiona kamera, na hapo mpango wangu ukaanza kuharibika. Kanali alipenda mashine. Aliichukua, akachungulia, nikamwonyesha doa la manjano. Alimwelekezea mke wake aliyekuwa akigawa pilau, akazungusha lenzi, na wake wawili wakawa mmoja.

"Mama! Njoo uone! Hapa unaungana mwenyewe, bila kelele!"

"Mimi nimeungana siku nyingi," akajibu mkewe. "Wewe ndiye unayeonekana mara mbili, hasa Jumamosi."

Wageni wakacheka. Kanali akacheka kuliko wote, na huku akicheka, kidole gumba chake kikaikoki kamera. Nikaichukua kwa adabu, nikapiga mchungwa, ili isiwe imetegwa. Akaiomba. Akaikoki. Askari hawezi kushika kitu chenye kidude cha kukoki akakiacha kimelala. Ni kama mama na mtoto mwenye kamasi. Nikapiga mbuzi aliyekuwa akizungushwa motoni. Akaikoki tena. Filamu yangu ilikuwa inakwisha, na Koplo alikuwa amejificha nyuma ya ukuta wa jikoni, mbali na lenzi lakini si mbali na mimi, akihakikisha kwamba sibadilishi kamera.

Mwishowe nikafunika lenzi kwa kifuniko, ili hata akikoki nuru isipate njia. Nikawapanga: Kanali kitini, mtoto mapajani, mke nyuma. Hii ndiyo ingekuwa picha yao, safi. Nikawafungisha ndoa ndani ya doa la manjano. Kila mtu alipendeza. Nikaweka kidole.

"Kijana," akasema mke wa Kanali, "hiyo kamera yako imelala usingizi."

Kifuniko kilikuwa bado juu ya lenzi. Nilikitoa huku wageni wakinishangilia, nikacheka nao. Nikapiga kabla kidole gumba cha mtu yeyote hakijapata wazo. Ganda la karanga likavunjika. Picha ya Kanali ilikuwa tayari.

Ikabaki ya Meja. Nikamwomba Kanali asimame peke yake juani, mbele ya maua. Nikakoki, nikaacha jicho wazi, nikaanza kumchelewesha.

"Kidevu juu kidogo, afande. Kimezidi. Mkono wa kulia... hapana, ule mwingine ulikuwa mzuri zaidi."

"Umekuwa sajini wangu," akasema, akitii.

Nilijua doa litaangukia katikati ya picha. Kwa hiyo palipo katikati ya picha palikuwa ni uchaguzi wangu, na hilo sikuwa nimelifikiria mpaka nilipokuwa nalo dirishani. Mbele yangu alisimama mtu aliyeniletea soda, akibana tumbo lake ndani kwa ajili yangu. Nilikuwa nimesoma mambo ya nuru, siamini kwamba doa kwenye karatasi huua mtu. Lakini nilikuwa namtengenezea picha mtu aliyeamini, mwenye bastola, na sikujua angefanya nini akishaona Mungu amekwisha kuonyesha mahali pa kupiga. Nikainamisha kamera. Doa la manjano likashuka kutoka kifuani, likapita mkanda, likasimama kwenye goti lake la kushoto, chini ya kaptura nyeupe. Mtu huishi vizuri na tundu la goti. Nikapiga.

Tuliporudi studio, Koplo hakuingia chumba cha giza; taa nyekundu alitosheka kuitazama akiwa nje. Nikamtolea picha moja, ya goti. Ile safi niliifunga ndani ya boksi la karatasi, na siku chache baadaye niliiacha getini Naguru. Niliambiwa Kanali aliitundika ukumbini.

Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya Meja. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akaisogeza dirishani, akakwaruza doa kwa ukucha.

"Na yeye," akasema taratibu. "Na yeye iko na tundu."

"Ndiyo, afande. Ni jua."

Alivuta pumzi kwa kina, kama mtu aliyekuwa akiishikilia tangu Jumatano. Sitamdhihaki kwa hilo. Alikuwa ameogopa kufa, kama sisi wote. Yeye tu ndiye aliyekuwa na ofisi ya kuogopea. Lakini Meja hakuwa mtu wa kubaki na faraja ya bure. Akaitazama tena.

"Goti," akasema.

"Kamera ndiyo inayochagua, afande," nikasema, na jasho likanitoka, maana nilikuwa nimeharibu fizikia yote ya Papa kwa sentensi moja.

"Mimi napigwa roho. Yeye napigwa goti." Uso wake ukaanza kuchangamka. "Hata kamera najua nani mkubwa! Koplo! Leta ule Mukongo."

Kisha akaivuta kamera kutoka begani mwangu, pamoja na mfuko wake, na ndani ya mfuko lenzi ya thelathini na tano.

"Kamera kama hii hapana weza kukaa na raia," akasema. Nadhani hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambazo chombo changu kimewahi kupewa.

Papa Byamungu alitoka akiwa na kiatu kimoja na bila mkanda, akishikilia suruali yake kwa mkono. Miwani alikuwa nayo, lakini jicho moja la miwani halikuwa na kioo. Hakusema aliyoyaona mle ndani, siku hiyo wala baadaye. Alisema tu kwamba chai yao haina sukari. Tulitembea kuelekea Mengo kwa mwendo wa kiatu kimoja, na tulipofika mbali na geti akasimama.

"Kamera iko wapi?"

"Wamechukua, Papa."

"Na ile lenzi kidogo?"

"Ilikuwa ndani ya mfuko."

Akatikisa kichwa, akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, na kwa mara ya kwanza nikaona machozi nyuma ya kioo kimoja na nyuma ya tundu la kile cha pili. "Ile lenzi," akasema, "ilikuwa muzuri. Haiwezi kupatikana tena ile." Nikamwambia ndiyo. Niliwaza kwamba kila mtu hulia anapopata mahali pa kulilia, na lenzi ni mahali pazuri kuliko pengine.

Sikuwahi kumwona Mrusi tena. Kanali alipelekwa kuwa balozi katika nchi yenye baridi, jambo ambalo bila shaka lilimsumbua goti. Meja alikimbia pamoja na wenziwe ile miaka yao ilipokwisha. Sijui kama alikimbia na kamera, wala kama aliwahi kugundua kifuniko. Baadaye nilifanya kazi kwa kamera zilizokuwa bora kwa kila kipimo kilichoandikwa kwenye vijitabu, na hakuna hata moja niliyoiuliza hali yake asubuhi. Papa alifanya kazi nami miaka mingine mingi, akivaa miwani ile ile, na kila siku filamu ilipotoka safi alisema ni kwa sababu tulikoki kwa saa yake.

Mama Sifa aliposikia hatua zetu siku ile hakutoka mlangoni. Alikuwa ndani anafagia. Alitazama mguu usio na kiatu, akaenda kupasha moto sufuria. Mimi nikakaa kwenye benchi lake nikapiga hesabu, kwa sababu ni tabia yangu. Kamera na lenzi yake ya hamsini niliinunua mia tatu. Lenzi ndogo, mia na themanini. Yule bwana wa tai alitaka elfu tatu kwa kuuliza tu, na najua familia zilizolipa, zikauza ng'ombe zikalipa tena, na hazikurudishiwa hata kile kiatu kimoja. Husemwa kwamba serikali ile ilimpora kila mtu. Mimi sina cha kulalamika. Sijasikia mtu mwingine yeyote, katika mji ule na miaka ile, aliyemnunua mtu mzima, anayetembea, anayeuliza chakula kiko wapi, kwa bei nafuu kuliko yangu: shilingi mia nne na themanini.